Kubanwa kwa Kipimo: Tulichojifunza Katika Studio za Mazoezi za Tokyo



Julai mwaka jana, sisi mafrateri wawili wa mwaka wa tatu wa falsafa tulitumwa Japani kwa wiki tano. Shirika letu lina nyumba ndogo magharibi mwa Tokyo, na walezi wetu waliona vyema tukaonje maisha ya umisionari katika nchi ambayo Wakatoliki hawafiki hata nusu ya asilimia moja ya wananchi. Wenzetu walitutania kwamba tungerudi tukila samaki wabichi na kupigana karate. Hakuna aliyetabiri kwamba tungerudi tukizungumzia mikanda ya kubana mapaja.

Tangu turudi tumeulizwa habari hiyo mara nyingi, mezani, uwanjani na hata parokiani wakati wa likizo. Tumeona tuiandike yote mara moja, pamoja na makosa tuliyoyafanya sisi wenyewe, kwa sababu bila makosa hayo habari yenyewe haina faida kubwa kwa msomaji.

Katika nyumba ile ya Tokyo anaishi padre mmoja mzee, Mwitaliano, aliyefika Japani akiwa kijana na sasa ana miaka 81. Miaka miwili kabla ya sisi kufika, alianguka kwenye ngazi za kanisa akalazwa kitandani kwa zaidi ya mwezi. Mifupa iliunga, lakini alipoinuka alikuta mapaja yamenyong'onyea, hayana nguvu ya kumshusha wala kumpandisha. Tangu siku hiyo akawa anaadhimisha Misa bila kupiga goti, anainama tu. Alituambia jioni ya kwanza, tukimenya viazi: "Wanangu, kuanguka hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kupita mbele ya tabernakulo kama mtu anayepita mbele ya kabati."

Kisha akatuambia kwamba kila Jumanne na Ijumaa huenda kwenye studio ya mazoezi, na kwamba angefurahi kupata vijana wa kumbebea mkoba. Tulifikiri anatania. Tulikuwa tumekwisha kuwaona wazee wa mtaa ule wakikusanyika saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye bustani, wakinyoosha viungo kwa kufuata redio, desturi iliyoanza Japani mwaka 1928. Tulidhani na yeye anakwenda kunyoosha viungo vivyo hivyo. Kumbe sivyo.

Studio yenyewe iko karibu na stesheni ya Mitaka, ghorofa ya pili, juu ya duka la kufulia nguo. Unavua viatu mlangoni. Chumba hakizidi ukubwa wa sakristia yetu. Tulitafuta vyuma vizito kama vile vya jimu za kwetu, hatukuviona. Kulikuwa na viti viwili, mkeka, vyuma vidogo vya mkononi vya kilo moja moja, na mashine ndogo yenye mipira ya kupitisha hewa. Mwalimu ni mama wa makamo, mpole, asiyecheka ovyo. Padre anamwita sensei, yaani mwalimu, naye anamwita Padre kwa heshima hiyo hiyo.

Kwanza alimpima Padre shinikizo la damu. Kisha akamfunga mkanda mwembamba juu kabisa ya kila mkono, karibu na kwapa, akaujaza hewa kidogo huku akisoma namba kwenye mashine. Halafu akafanya jambo ambalo hatukulielewa: alikandamiza kiganja cha Padre kwa kidole gumba, akaachia, akatazama. Alama nyeupe ilibaki sekunde chache, kisha wekundu ukarudi. Akatikisa kichwa kukubali. Baadaye tulielewa kwamba wekundu ukichelewa kurudi, mkanda umekazwa mno, na lazima ulegezwe pale pale.

Padre akaanza kukunja na kukunjua ngumi. Hakushika chochote. Alifika thelathini, akapumzika kidogo, akaendelea tena, mara ya tatu akawa anahema. Mikono iliiva kama nyanya, jasho likamtiririka. Tulitazamana. Mzee anatoka jasho kwa kukunja ngumi? Dakika kumi hivi zilipopita, mikanda ikafunguliwa, akapumzika, ndipo ikafungwa mingine juu ya mapaja kwa ajili ya kuinua visigino na kuchuchumaa nusu akishika kiti. Mikono na miguu haifungwi kwa wakati mmoja.

Mazoezi haya huitwa Kaatsu. Kwa Kijapani neno hilo lina maana ya kuongeza mgandamizo. Aliyeyaanzisha ni Yoshiaki Sato, ambaye baadaye aliweka kituo chake Fuchu, mji ulio magharibi ya Tokyo, si mbali na nyumba tuliyofikia. Asili yake ilitugusa sisi kuliko yote. Mwaka 1966 Sato alikuwa kijana wa miaka 18, mpenzi wa kujenga misuli. Akahudhuria ibada ya Kibudha ya kumkumbuka marehemu, akakaa kwa magoti kwa muda mrefu, makalio juu ya visigino, kama desturi yao inavyotaka. Miguu ikaingia ganzi. Alipoisugua, akahisi ndama za miguu zimejaa na kuuma sawasawa na anavyohisi baada ya mazoezi magumu. Akajiuliza: je, ni damu iliyozuiwa ndiyo inayoleta hali hii?

Sisi tumepiga magoti tangu seminari ndogo, tumeingia ganzi mara zisizohesabika, na hakuna kati yetu aliyewahi kujiuliza swali hata moja zaidi ya kwamba ibada itaisha saa ngapi.

Sato alijifanyia majaribio mwenyewe kwa miaka mingi, akijifunga kamba, mikanda na hata tyubu za baiskeli. Ameeleza mwenyewe kwamba katika majaribio hayo alikaza kupita kiasi hadi akapata tatizo la damu iliyoganda kwenye mapafu, jambo linaloweza kuua. Mwaka 1973 aliumia mguu akiteleza kwenye theluji, akafungwa plasta, naye akatumia mikanda yake kulinda misuli isinyauke. Ndipo akaona kwamba mbinu hii ina faida zaidi ya kujenga mwili wa kuonyesha watu.

Wanasayansi walifuata baadaye. Mwaka 2000 watafiti wa Japani, akiwemo Naokata Ishii wa Chuo Kikuu cha Tokyo, walitoa matokeo ya wiki 16 za mazoezi ya mikono kwa wanawake wa makamo na wazee. Waliobeba uzito mwepesi huku wamefungwa mikanda walipata nguvu sawa na waliobeba uzito mkubwa bila mikanda. Maelezo yake kwa kifupi ni haya. Mkanda ukikazwa kwa kipimo, damu inaendelea kuingia kwenye mkono, lakini ile inayorudi moyoni inapunguzwa mwendo. Msuli unajaa damu, oksijeni inapungua, uchovu unakuja mapema, na mwili unalazimika kuziamsha nyuzi za msuli ambazo kwa kawaida huamka tu mtu anapobeba mzigo mzito. Kwa hiyo uzito wa asilimia 20 hadi 30 ya uwezo wa mtu unafanya kazi ambayo kwa kawaida ingehitaji asilimia 70 au zaidi. Kwa mzee ambaye viungo vyake haviwezi tena kubeba chuma, hii ni habari njema.

Sasa tufike kwenye goti.

Mmoja wetu ana goti bovu. Hatutasema ni yupi. Mwenyewe ameruhusu habari iandikwe, na wanaotufahamu wanajua tayari. Aliumia kwenye mpira wa miguu katika mwaka wa kwanza. Hospitalini aliambiwa kano ya goti imechanika, apumzike, afanye mazoezi ya kuliimarisha, arudi kuangaliwa. Hakurudi. Aliwaambia walezi kwamba amepona. Kwa miaka miwili alilifunga goti bandeji kila alfajiri chini ya kanzu, akameza vidonge vya maumivu alivyonunua mwenyewe, na saa ya kuabudu Ekaristi alipiga magoti pamoja na wengine mpaka mwisho. Kuna waliomwona na machozi wakadhani ni ya ibada.

Kwa nini alificha? Kwa sababu ya hofu. Darasani tulikuwa tumetajiwa kanuni ya 1029 ya Sheria za Kanisa, inayodai kwamba anayepewa daraja awe na sifa za mwili na za nafsi zinazolingana na daraja hilo. Hatukuisoma vizuri. Tulisikia neno "mwili" tu, tukahitimisha kwamba frateri mwenye goti bovu atafungashiwa mizigo. Nyumbani kwao wanamsubiri awe padre. Mama yake amekwisha kuweka akiba ya kitambaa cha sherehe. Na mwingine wetu alijua yote hayo akanyamaza, akidhani kunyamaza ndio urafiki.

Ijumaa ya kwanza, Padre alimwomba sensei atujaribishe na sisi. Sensei hakutoa mikanda. Alitoa fomu ya kurasa mbili. Padre akawa anatutafsiria swali moja moja na kuandika majibu kwa Kijapani. Umewahi kuganda damu kwenye mishipa? Una shinikizo la juu la damu? Tuliuliza na sisi kuhusu selimundu, maana kwetu ni ugonjwa unaojulikana katika nyumba nyingi, naye akajibu bila kusita kwamba mtu mwenye selimundu hafungwi mkanda. Fomu ikaendelea. Umewahi kuumia kiungo gani? Lini? Kinauma sasa? Unatumia dawa gani?

Kalamu ya Padre ilisimama ikisubiri. Mmoja wetu alitazama sakafu. Ilikuwa rahisi kusema "hakuna", kama alivyosema kwa miaka miwili. Lakini mbele yake alikaa mzee aliyekuwa ametoka kuhema kwa kukunja ngumi tupu ili siku moja apige goti tena, bila aibu yoyote. Akasema ukweli wote, kuanzia mechi ile hadi kidonge cha asubuhi hiyo. Padre aliandika kila neno, hakuinua uso, hakusema kitu.

Sensei alisoma, akairudisha mikanda yake kwenye droo. Alisema, kwa maneno ya Padre: "Dawa ya maumivu inanificha kile ninachopaswa kukiona. Mlete na barua ya daktari." Mwingine wetu akafungwa mikanda siku hiyo, akatoka jasho kwa kilo moja ya chuma. Mwenye goti alikaa pembeni akishika mkoba wa Padre. Anasema hakuwahi kuona aibu kubwa namna ile, wala kulala usingizi mzuri kama wa usiku ule.

Padre alimpeleka kliniki wiki iliyofuata. Daktari alilipima goti, akaruhusu mazoezi mepesi chini ya uangalizi, akaandika barua. Kuanzia wiki ya tatu mwenzetu alifungwa mkanda wa paja mara sita. Kila mara sensei alianza na kipimo kidogo, akauliza, akakandamiza ngozi, akatazama, akaongeza kidogo au akapunguza. Hakumfunga kama alivyomfunga Padre, wala hakumfunga Ijumaa kama alivyomfunga Jumanne.

Kwa kuwa tulikuwa tumevutiwa, Padre alitutafutia studio nyingine mbili tuzione. Moja iko Shinjuku, katikati ya jiji, ghorofa ya tano, muziki juu. Huko wanakuja vijana wa maofisini baada ya kazi, wanafanya nusu saa, wanarudi kwenye treni. Wanataka misuli, na muda hawana. Kijana mmoja aliomba mkanda ukazwe zaidi. Mwalimu alimwonyesha namba kwenye mashine, akakataa, na kijana akainamisha kichwa kukubali.

Studio nyingine hatutaitaja mahali ilipo. Ukutani ilijaa picha za watu kabla na baada, pamoja na ahadi za kupungua mwili kwa muda mfupi. Hatukupimwa shinikizo la damu. Hakuna fomu tuliyopewa. Tulipouliza kuhusu kukandamiza kiganja, tuliambiwa si lazima. Tulishukuru, tukavaa viatu vyetu, tukaondoka.

Tukiwa kwenye treni ya kurudi tulikumbuka somo la Maadili. Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, Aristotle anaeleza maana ya wastani kwa mfano wa mwalimu wa michezo. Ikiwa chakula cha mina kumi ni kingi na cha mina mbili ni kidogo, haimaanishi kwamba mwalimu atampa kila mtu mina sita. Kwa Milo, bingwa wa mieleka, hizo ni kidogo. Kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Wastani unapimwa kwa mtu, na anayeujua ni mwenye busara anayemtazama mtu huyo. Tulikuwa tumelikariri jambo hilo kwa ajili ya mtihani na tukapata alama nzuri. Tulilielewa Mitaka, tulipoona kidole gumba juu ya kiganja.

Mkanda ni ule ule katika studio zote tatu. Mahali pamoja unamrudishia mzee goti lake la kuabudia, mahali pengine unampa kijana misuli, pengine unauza ndoto. Na mkanda huo huo mikononi mwa asiyepima unaweza kugandisha damu. Basi tukaanza kujitazama sisi wenyewe. Maisha ya seminari nayo yana mikanda yake: kengele ya alfajiri, kimya cha usiku, ratiba, utii, kukosa mambo ambayo vijana wa rika letu wanayo. Mara nyingi tunalalamika kwamba tunabanwa. Mara nyingine, kinyume chake, tunajisifu kwa kujibana kuliko tulivyoagizwa, kama vile ukazaji wenyewe ndio utakatifu. Mwenzetu alifunga goti lake kwa siri miaka miwili na kuita hali hiyo sadaka. Kwa kweli ilikuwa ni bandeji isiyotazamwa na mtu. Hakuna mlezi aliyeweza kukandamiza pale na kuona kama damu inarudi.

Kuna wanaofikiri kwamba mwili ni mambo ya nje tu, na kwamba anayetafuta Mungu hana sababu ya kushughulika nao. Mtakatifu Thoma hakufundisha hivyo; kwake roho ni umbo la mwili, na mtu ni vyote viwili pamoja. Ndiyo maana goti linaposema uongo, mtu mzima anasema uongo.

Tarehe 15 Agosti, Sherehe ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, ilikuwa siku yetu ya mwisho. Kanisani tulikuwa watu ishirini hivi. Baada ya mageuzo Padre aliweka mikono yote miwili juu ya altare, akashuka polepole. Goti la kulia liligusa sakafu. Alikaa pale kitambo, tukaogopa kwamba hatainuka. Akainuka. Baada ya mageuzo ya divai alishuka tena. Jioni tulimpongeza, naye akatuambia kwamba mara ya pili alishuka kwa sababu ya rubriki, lakini mara ya kwanza alibaki chini kwa sababu alikuwa na mengi ya kusema.

Tuliporudi seminarini, mwenye goti alikwenda kwa Padre Gombera kabla hajafungua sanduku. Mwingine alikwenda naye, kwa sababu naye alikuwa na lake la kukiri. Gombera alisikiliza mpaka mwisho. Alisema goti bovu si kizuizi alichokuwa na wasiwasi nacho. Miaka miwili ya kuficha ndiyo itakayohitaji muda. Akaagiza apelekwe kwa daktari wa mifupa. Hatusemi kwamba goti limepona. Vidonge ameacha, anafanya mazoezi aliyoandikiwa, na saa ya kuabudu anakaa kwenye benchi, mbele ya watu wote, bila maelezo. Kuhusu kuingia teolojia, jibu bado halijatoka.

Na hili ndilo kosa letu la mwisho. Wiki ya kwanza tulisimulia habari za Kaatsu mezani kwa mbwembwe, tukaeleza jasho na misuli, tukasahau fomu na kidole gumba. Siku chache baadaye tulimkuta frateri wa mwaka wa kwanza kwenye chumba cha kufulia, amejifunga tyubu ya baiskeli kwenye mkono, vidole vimegeuka rangi na vimekufa ganzi. Tuliikata kwa wembe. Sista mwuguzi alitugombeza sisi, si yeye, na alikuwa na haki. Kwa hiyo tunamwomba kila anayesoma: usijaribu mambo haya nyumbani kwa kamba, mpira wala kitambaa. Mwenye presha, mwenye selimundu, mjamzito na aliyewahi kuganda damu wasifungwe kabisa bila neno la daktari.

Na wewe frateri mwenzetu ambaye unajifunga kitu chini ya kanzu, uwe ni uchungu wa mwili au wa moyo, nenda kwa mlezi wako leo, kabla ya Masifu ya Jioni. Sisi tulisafiri mpaka Japani kabla ya kulifanya hilo, na mlango wa mlezi wetu uko hatua arobaini kutoka bwenini. Tumezihesabu.

Mtuombee, hasa yule anayesubiri jibu. Nasi tunawaombea.